Maji ni ya Mungu, Lakini Bomba Ni la Nani?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akaihuisha kwayo ardhi iliyokufa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ali zake na sahaba zake wote. Amma baad:

Katika maneno yaliyozoeleka sana midomoni mwa watu wetu wa pwani ni haya, ya kwamba maji ni ya Mungu na hayauzwi. Husemwa barazani baada ya sala ya alasiri. Husemwa msikitini ankara ya maji inapobandikwa ubaoni. Na husemwa kwa nguvu zaidi pale anapokuja mtu na karatasi zake, akipita nyumba kwa nyumba na kuuliza: Je, lau mngeletewa maji safi ya mfereji yasiyokatika, mngekuwa radhi kulipa kiasi gani kwa mwezi? Hapo mwenye nyumba hukunja uso akajibu kuwa yeye hatatoa hata senti moja, kwani maji ni neema ya Mola wake. Na wakati ule ule, kwa mlango wa uani, mkewe yuwamhesabia hamali wa mkokoteni fedha za mitungi minne ya asubuhi.

Sisi twaona kuwa maneno haya yapasa kupimwa kwa mizani ya sheria kabla hayajafanywa hoja. Ndani yake mna haki na mna batili, na mambo mawili haya yamechanganywa hata msemaji mwenyewe hajui ni lipi analolisema.

Tuanze na haki. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, ya kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa alikataza kuuza maji yaliyomzidia mtu. Tena katika Bukhari yupo, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama, yule aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Basi hapana awezaye kusimama kwenye mto, au kwenye chemchemi ya nyikani, akasema kuwa haya ni yangu na asiyelipa hanywi. Mtu kama huyo ameshindana na Mola wake, na adhabu yake yajulikana.

Lakini wanazuoni wetu hawakukomea hapo. Walitenganisha baina ya maji yaliyo mahali pake alipoyaweka Mungu na maji yaliyokwisha kutekwa. Maji ya mto na ya mvua ni ya watu wote. Mtu akichukua ndoo yake akateka, akayatia katika chombo chake au tangi lake, hayo yamekuwa milki yake, na yafaa kwake kuyauza. Haya ndiyo madhehebu yetu ya Kishafii, na ndiyo kauli ya wengi katika wanazuoni wa madhehebu mengine. Tena hoja yake i wazi. Malisho na kuni za mwituni nazo ni za wote, na juu ya hayo Mtume (S.A.W.) alimsifu mtu aendaye msituni akafunga mzigo wa kuni, akaubeba mgongoni na kuuuza, akasema kuwa huyo ni bora kuliko mwenye kuomba watu. Kuni ni za Mungu. Mgongo uliozibeba ulikuwa na haki ya ujira wake.

Na sasa natuulize, maji ya mfereji yamebebwa na mgongo upi? Maji ya Mombasa hayachimbuki Mombasa. Sehemu yake hutoka Mzima, huko Tsavo, kwenye chemchemi zipokeazo mvua ya milima ya Chyulu baada ya kuchujwa na mawe ya volkano. Bomba lake, ambalo lilimalizwa katika miaka ya 1950, lapita zaidi ya kilomita 200 hata kufika kwetu. Sehemu nyingine hutoka Baricho, ukingoni mwa mto Sabaki, na huko hayaji kwa kuteremka peke yake, hapana budi yasukumwe kwa pampu za umeme usiku na mchana. Nyingine hutoka Marere katika milima ya Shimba, na nyingine katika visima vya Tiwi. Bomba hupasuka, pampu huchakaa, dawa ya kuulia vijidudu hununuliwa, na fundi ashukaye shimoni usiku ana watoto wanaongojea kula. Katika hayo yote hapana hata kimoja ambacho Mwenyezi Mungu amekiteremsha pamoja na mvua. Basi asemaye kuwa maji ni ya Mungu amesema kweli, na asemaye kuwa kwa sababu hiyo fundi asilipwe amemdhulumu fundi.

Ajabu kubwa ni kuwa watu wetu walikwisha kulijibu swali hili zamani, kwa mikono yao, kabla ya ndimi zao kulikana. Katika miaka ya 1980 wataalamu walikwenda Ukunda, hapa kusini mwa Mombasa, mji wa ndugu zetu Wadigo na wengineo, wakawatazama watu wanavyopata maji. Mmoja wao alikuwa Bwana Dale Whittington, na waliyoyaona yalichapishwa mwaka 1989 na 1990. Kulikuwa na visima vya wazi ambavyo maji yake ni bure. Kulikuwa na vioski vilivyouza maji ya bomba kwa mtungi. Na kulikuwa na wachuuzi waliochukua maji hayo ya vioski wakayapeleka majumbani, kwa bei iliyozidi mara kadhaa. Mtu angedhani kuwa maskini wote wangekwenda kisimani. Haikuwa hivyo! Wengi walinunua, na hesabu ikaonyesha kuwa kwa wastani watu wa Ukunda walikuwa wakitoa kama 9 kwa kila 100 ya pato lao kwa ajili ya maji, kiasi kilichozidi sana kile ambacho Benki ya Dunia ilidhani kuwa mtu aweza kukimudu. Wataalamu wakasema kuwa fedha zile zile zilizokuwa zikienda kwa wachuuzi zingetosha kuuendesha mpango mzuri wa mabomba kwa mji mzima.

Wala hatumlaumu mchuuzi. Hamali asukumaye mkokoteni katika jua la Kaskazi, na mitungi imejaa, ala halali yake kwa jasho. Twalosema ni kuwa wale wasemao kuwa hawawezi kulipa, walipa. Na hulipa zaidi yule aliye chini. Mtungi ni wa lita 20, na mitungi 50 ndiyo mita moja ya ujazo ambayo kampuni huiandika katika ankara. Basi ikiwa mtungi wauzwa shilingi 20, mita ile imemfikia mama wa Kisauni kwa shilingi 1,000. Tajiri mwenye mfereji nyumbani, na bustani, na gari la kuosha, hailipii hata robo ya hapo. Huyu ndiye anayepata maji ya rahisi, na yule mama ndiye tunayemwambia kuwa maji hayauzwi!

Jambo jingine lililodhihiri katika utafiti wa Ukunda ni saa. Walipohesabu muda unaopotea katika kwenda kisimani au kioskini na kungoja zamu, waliona kuwa watu wale waliuthamini muda huo karibu sawa na ujira wa kibarua. Sasa, ni muda wa nani? Hapa twataka wasomaji wetu wanaume watusikilize kwa makini. Mwenye kuulizwa mlangoni, aketiye barazani, ndiye asiyekwenda kisimani. Aendaye ni mkewe, na zaidi ni binti yake, ambaye huamshwa kabla ya alfajiri kwenda kupanga foleni ya mitungi, kisha akaenda shule au chuoni akisinzia juu ya msahafu. Baba akijibu kuwa maji si kitu cha kulipiwa, amesema kweli kwa upande wake, kwa kuwa yeye hajayalipia kitu. Amelipa binti. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga, na hatukuona katika hadithi hiyo kuwa saa za binti zimetolewa katika hesabu. Mwulizaji mwenye akili ataomba kumwuliza mama pia, na mume mwenye akili hatamzuia.

Kisha katika jibu lenyewe mna mtihani wa dini ambao wengi hawaujui. Baadhi ya watu huona kuwa wakitaja fedha nyingi, bei itapandishwa, basi hutaja kidogo. Wengine huona kuwa wakitaja fedha nyingi, mradi utaletwa upesi, basi hutaja wasichokusudia kukitoa. Na mfereji ukiisha kufika wakageuka. Wa kwanza na wa pili wote wamesema uongo, nao hudhani kuwa ni ujanja. Karatasi ile ni ushahidi. Juu yake watajenga matangi na kukopa fedha, na kosa likiingia katika msingi hulipwa na mtaa mzima. Mwislamu akiulizwa na aseme anachoweza kukitoa, akitazame kipato chake na chakula cha watoto wake, wala asiongeze wala asipunguze.

Tukiisha kusema hayo, hatutaki mtu atudhanie kuwa tumekuja kuwa mawakili wa wenye kutoza. Mwenye nyumba aliyekunja uso hakukunja bure. Yeye ameona mfereji ukikohoa upepo wiki tatu na ankara ikaja ya mwezi mzima. Ameona mita ikizunguka kwa hewa iliyopita katika bomba, akaambiwa alipe hewa. Amekwenda ofisini, akazungushwa madirishani mpaka adhuhuri, akarudi na jasho lake. Mtu huyo akisema kuwa halipi, mara nyingi haneni juu ya maji wala juu ya fedha, anena juu ya amana. Na amana ikitoka, hata kitu cha rahisi huwa ghali.

Ripoti za bodi inayosimamia huduma za maji katika nchi yetu zimeonyesha kwa miaka kadhaa kuwa, kwa wastani wa makampuni yote, zaidi ya 40 kwa kila 100 ya maji yanayotolewa hayaleti malipo yoyote. Mengine humwagika katika mabomba yaliyooza, mengine huibwa, na mengine hupotea katika mita mbovu na vitabu vibovu. Fahamu basi, ewe msomaji, ya kuwa uendapo kulipa, wawalipia na hao pia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeandika kuwa kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Aliyepewa kazi hiyo akaacha bomba limwage mwezi mzima barabarani, huku watu wa mtaa wa pili hawana maji ya kuoshea maiti, amekhini amana ya umma, naye atasimamishwa kwayo mbele ya Mola wake hata kama hakusimamishwa mbele ya kadhi. Ama mwenye kuchukua rushwa ili aunganishe bomba la siri, huyo na mwenye kumpa, wote wawili laana iliyotajwa katika hadithi yawahusu.

Na hapa yatupasa tuseme neno zito, na aliye na ghadhabu asubiri mpaka mwisho. Bomba hizo za siri hazikuingia katika nyumba za waovu tu. Zimeingia katika nyumba za watu wa safu ya kwanza, na baadhi ya misikiti yetu nayo haikusalimika. Watu hutawadha kwa maji yaliyopita kando ya mita, kisha wakasimama wakasema Allahu Akbar. Wanazuoni wameijadili mas-ala hii ya kutawadha kwa maji yaliyochukuliwa pasina haki. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii udhu huo wasihi, lakini mwenyewe apata dhambi. Kwa kauli mashuhuri ya Mahanbali hausihi kabisa. Basi ni uzuri gani wa sala ambayo imam mmoja asema kuwa mwenye kuiswali ana dhambi ya maji yake, na imam wa pili asema kuwa hana udhu?

Husemwa kuwa kampuni nayo yatuibia, basi sisi twachukua haki yetu. Jibu lake lipo katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), ya kwamba umrudishie amana aliyekuamini, wala usimkhini aliyekukhini. Na mali ya umma si jambo dogo. Siku za Khaybar palikuwa na mtu aliyeuawa akiwa katika huduma ya Mtume, watu wakampongeza kwa kufa shahidi, naye Mtume akawaambia kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawiwa yawaka moto juu yake. Hapo mtu mmoja akaja mbio na ukanda wa kiatu kuurudisha. Ukanda wa kiatu! Sisi tuna matangi mazima darini.

Tena, maadamu tumefika kwenye udhu, imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi moja haitimii lita moja. Na aende mtu katika msikiti wowote wa mjini wenye mifereji ya kisasa, atazame kijana mmoja akiosha miguu huku mfereji u wazi naye azungumza na mwenziwe, kisha apime. Ndipo watu hao hao wakutanapo kamati wakalalamikia ankara.

Wabaki maskini wasio na chochote, na hao ndio wenye haki ya kwanza katika maneno yetu. Je, asiyeweza kulipa afe kiu? Hasha! Natuangalie alivyofanya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Alipohamia Madina hapakuwa na maji matamu yaliyofaa ila ya kisima cha Ruma, na mwenye kisima akiyauza, na katika Muhajirina walikuwamo wasio na kitu. Mtume hakuamrisha watu wateke usiku. Wala hakumnyang'anya mwenye mali. Aliuliza ni nani atakayekinunua, atie ndoo yake pamoja na ndoo za Waislamu, apate kilicho bora zaidi kuliko hicho Peponi. Sayyidna Uthman (R.A.) akasimama. Katika riwaya mojawapo alinunua kwanza nusu ya kisima kwa dirhamu 12,000, siku moja iwe yake na siku moja ya mwenyewe. Siku yake ilipofika, watu waliteka bure maji ya siku mbili. Mwenye kisima akaona hana tena mnunuzi, akamwuzia na nusu ya pili kwa 8,000. Kisha Uthman akakifanya sabili.

Tazameni basi, ndugu zetu. Maji ya Ruma yalikuwa bure kwa maskini, na yalikuwa bure kwa sababu yamelipiwa. Wazee wetu wa pwani waliifahamu maana hii. Ndiyo maana walichimba visima na kujenga birika katika misikiti, na wenye mali wakaweka wakfu wa mashamba na nyumba kwa ajili yake. Visima vingi vya wazee hao leo vimeingiwa na maji ya chumvi, na vingine vyoo vya majirani vimevifikia kwa chini, maana jiwe la matumbawe huvuja kama kitambaa. Aliye na mali leo, asemaye kuwa yuwafuata sunna ya Uthman (R.A.), kisima chake cha Ruma kwa zama hizi ni mita ya jirani yake.

Sa'd bin Ubada (R.A.) alifiwa na mamake, akamwuliza Mtume (S.A.W.) ni sadaka gani iliyo bora, akaambiwa kuwa ni maji, akachimba kisima na kusema kuwa hiki ni cha mama wa Sa'd. Sisi tukifiwa twakopa mchele na nyama tukapika pilau ya arobaini, na wanaokula wengi wao wameshiba tokea kwao. Gharama ya sufuria moja ya siku hiyo ingeilipia nyumba ya mjane maji kwa miezi mingi. Twasema haya kwa upole, kwa kuwa mwenye msiba hafai kukaripiwa.

Sisi wa darasa hili tumeshauriana, na tumeona tuwaletee ndugu zetu wa kamati za misikiti mambo machache wayatazame. Kila mwisho wa mwezi mita ya msikiti isomwe na watu wawili, na tarakimu zake ziandikwe ubaoni pamoja na ankara, ili zikilingana watu walipe kwa moyo safi, na zikitofautiana kamati ipeleke malalamiko kwa maandishi wala isinyamaze. Msikiti uliokuwa na bomba la siri, mafundi wakadirie matumizi kwa idadi ya mifereji na ya waswalio, tangu siku ulipounganishwa, na deni hilo lilipwe hata kwa mafungu. Na mwenye kutaka kuweka wakfu wa maji kwa ajili ya mzazi wake, asiandike neno "kisima" peke yake katika hati, kwa kuwa sharti la mwenye wakfu hufuatwa kama lilivyo, na msimamizi wa miaka 50 ijayo atafungika nalo kisima kikiisha kukauka. Aandike: "kwa ajili ya maji safi ya kunywa kwa mafukara wa mtaa huu, yawe ya kisima, ya bomba au ya njia yoyote nyingine, pamoja na malipo yake, matengenezo yake na ujira wa mwenye kuyatunza," na aitie saini mbele ya mashahidi wawili.